Bei ya sanduku na bei ya meza

Ukifungua sanduku la Food Chain Magnate, mchezo wa mezani wa kuendesha migahawa, kwa mara ya kwanza unaweza kudhani umepigwa. Ndani mna vigae vya karatasi ngumu vilivyochorwa barabara na nyumba, vipande vidogo vya mbao vya baga, piza, bia, soda na limonedi, marundo ya kadi za wafanyakazi, na noti za kuchezea. Hamna sanamu za plastiki wala ubao wa kung'aa wa kuwatamanisha wageni. Maduka mengi ya Ulaya na Marekani huuza sanduku hilo kwa zaidi ya dola 100, karibu robo milioni ya shilingi za Tanzania au elfu kumi na tatu za Kenya, na hapo bado halijapanda ndege.

Mchezo huo ulitoka mwaka 2015. Ni kazi ya Jeroen Doumen na Joris Wiersinga wa Splotter Spellen, kampuni ndogo ya Uholanzi ambayo haijawahi kujisumbua sana na mapambo. Wanacheza watu 2 hadi 5, kwa saa mbili mpaka nne kama sanduku linavyosema, na kwa muda mrefu zaidi kama kuna mgeni mezani. Katika tovuti ya BoardGameGeek, ambako wapenzi wa michezo ya mezani hupima ugumu wa kila mchezo kwa kipimo cha 1 hadi 5, huu umepewa zaidi ya 4. Nauchagua kwa sababu ndio unaogawa watu kuliko yote ninayoijua: mmoja atakuambia hajawahi kucheza kitu kitamu kama hiki, mwenzake atakuambia alikaa saa tatu akitazama wengine wakila hela.

Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana inafaa tuuangalie kwa karibu kabla ya kuzungumzia pesa.

Kila mchezaji anaanza na mgahawa mmoja na mkurugenzi mmoja, ambaye anaweza kusimamia watu watatu tu na kuajiri mmoja kwa zamu. Ukitaka kampuni kubwa, uajiri mameneja, na kila meneja naye anakula nafasi. Wafanyakazi wa chini kabisa hawalipwi. Ukishawapeleka mafunzo wanadai dola 5 kila zamu, uwe umewapa kazi au umewaacha wakae bure. Dadu haimo. Bahati inaishia pale ramani inapopangwa na zamu za kuanzia zinapogawiwa. Kuanzia hapo, kila jambo linalokupata limefanywa na mtu unayemwona mbele yako.

Utamu wenyewe umo kwenye matangazo. Hakuna nyumba inayotaka kula mpaka mtu aitangazie. Unasimamisha bango, au unasambaza vipeperushi, au unarusha ndege, au unalipia redio, na nyumba zilizofikiwa zinaanza kutamani baga. Shida ni kwamba tangazo halina jina la mgahawa. Nyumba ikishatamani baga inapiga hesabu yake: bei ya bidhaa, ongeza umbali wa barabara, kisha inakwenda pale jumla ilipo ndogo. Bei ya kawaida ni dola 10. Wewe umegharamia bango, mimi nimeajiri meneja wa bei anayepunguza dola moja, na wateja uliowaamsha wewe wanapanga foleni mlangoni kwangu.

Na huo ni ukatili mdogo. Nyumba haikubali kununua nusu ya inachotaka. Mgahawa usio na kila kitu kilichoagizwa hauhesabiwi kabisa. Kwa hiyo ukishaweka akiba ya baga za kutosha mtaa mzima, mimi ninachohitaji ni kuwatangazia wateja wako piza. Sasa wanataka baga na piza, wewe piza huna, na baga zako zote zinatupwa usiku huohuo. Unaweza kuokolewa na friji, lakini friji hapa haiuzwi. Anapewa aliyetangulia kutupa chakula, pamoja na yeyote aliyetupa katika zamu hiyohiyo. Zawadi za kutangulia ziko nyingi: kuajiri watatu kwa mpigo, kuweka bango, kushusha bei. Zamu ikipita, zawadi imeondoka mezani na hairudi.

Hata urefu wa mchezo unaamuliwa na wachezaji. Benki inaanza na dola 50 kwa kila mtu, na mapema kabisa kila mmoja anachagua kwa siri kadi ya akiba ya 100, 200 au 300. Benki ikikauka mara ya kwanza, akiba hizo zinamwagwa. Ikikauka mara ya pili, mchezo umekwisha. Kuna anayejenga kampuni ya masafa marefu akidhani wenzake wameweka 300, kumbe wote wameweka 100, na mchezo unamalizika yeye akiwa bado anasomesha wafanyakazi.

Sasa hebu tafuta humo kitu kilichohitaji dola 100. Hakipo. Kadi, vipande vya mbao na kijitabu cha kanuni vingeweza kuchapishwa kwa bei ya chini sana kama vingechapishwa kwa wingi, ila vinauzwa kwa wachache na bei inapanda. Unachonunua ni mpangilio: soko ambalo bei zake hazikuandikwa na mtunzi bali zinatengenezwa na watu wanne wanaotegeana.

Mfano wa zamani na mkali zaidi ni 1830, mchezo wa kampuni za reli za Marekani uliotungwa na Mwingereza Francis Tresham na kutolewa na Avalon Hill mwaka 1986. Tresham alikuwa ametangulia kutoa 1829 mwaka 1974, na mingi iliyofuata katika ukoo huo ina majina ya miaka hivyohivyo. Ukiutazama kwa mbali ni mchezo wa kujenga reli. Ukikaa nao unagundua kwamba reli ni kisingizio, na kinachochezwa ni hisa. Mwenye hisa nyingi zaidi ndiye rais wa kampuni, na rais ndiye anayeamua kama faida igawiwe au ibaki. Treni nazo zinapitwa na wakati: siku mtu atakaponunua treni ya kwanza ya daraja la 4, zote za daraja la 2 zinaondolewa mchezoni bila fidia, ya kwanza ya daraja la 6 inaziua za 3, dizeli ya kwanza inaziua za 4. Kampuni yenye njia lakini isiyo na treni lazima inunue nyingine, na ikiwa haina hela, rais anatoa mfukoni mwake. Akishindwa, amefilisika, na mchezo unaishia hapo kwa wote.

Mchezaji mzoefu hufanya nini basi? Anaiuzia kampuni yake mali yake binafsi kwa bei mara mbili ya thamani iliyoandikwa, maana kanuni zinaruhusu. Anaihamisha treni nzuri kwenda kampuni yake nyingine kwa dola moja, maana hilo nalo linaruhusiwa. Kisha anauza hisa zake mpaka mwenzake asiye na habari anabaki na nyingi kuliko yeye, na huyo ndiye rais mpya wa kampuni tupu inayotakiwa kununua treni kesho. Msomaji wa magazeti yetu hatahitaji kuelezwa zaidi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wanaoandika juu ya michezo hii, wanaozungumza kuhusu uzito wa mchezo, yaani ugumu wake, kana kwamba ni wa aina moja. Kuna uzito wa kanuni na kuna uzito wa watu. 1830 ina kanuni nyingi, ndiyo, lakini ukishazijua unasahau kama zipo, akili yote inahamia kwa wenzako: nani ana hela, nani anaogopa, nani ataiua treni yangu. Kwa upande mwingine iko Lisboa ya mwaka 2017, ya Mreno Vital Lacerda, inayohusu kuujenga upya mji wa Lisbon baada ya tetemeko la 1755. Ni sanduku zuri mno, la bei isiyo mbali na ile ya Waholanzi wetu, na kila kipande ndani yake kimefanyiwa kazi. Uzito wake, kwa macho yangu, umo zaidi kwenye jinsi sehemu za mchezo zinavyoungana zenyewe kwa zenyewe: ukifanya hiki kinafungua kile, ambacho kinakupa kingine. Wenzako wapo na wanaweza kukuharibia, lakini muda mwingi unashindana na mashine ya mtunzi. Anayependa mafumbo atafurahi. Ila mafumbo ya namna hiyo yana mwisho wake. Ukishaielewa mashine, umebakiwa na mapambo.

Soko linaloundwa na watu halina mwisho huo. Watu wakibadilika, mchezo umebadilika. Watu walewale wakijuana zaidi, mchezo umebadilika tena. Kwa hiyo sanduku baya la Uholanzi linaweza kukaa miaka mingi bila kuchakaa kichwani.

Lakini hapo ndipo gharama halisi inapoanza.

Watetezi wa michezo ya bei kali wana hesabu yao wanayoipenda: gawa bei kwa saa ulizocheza, utaona ni rahisi kuliko sinema. Tuifanye. Tuseme sanduku limefika mlangoni kwa shilingi 400,000 za Tanzania. Watu wanne wakilicheza mara kumi, kila mmoja amelipa 10,000 kwa kila kikao, na hapo ni kweli hakuna wa kulalamika. Wakilicheza mara moja, kila mmoja amelipa laki nzima kwa jioni ambayo nusu yake ilikuwa ya kusomewa kanuni. Hesabu ni sahihi; anayekosea ni mnunuzi anayejipa namba kumi kabla hajawa nayo. Isitoshe, hesabu hiyo inachukulia saa kuwa faida tu, wakati saa nazo ni bei. Kikao cha saa nne kwa watu wanne ni saa kumi na sita za watu wazima wenye kazi, watoto, na foleni ya kurudi nyumbani.

Na michezo hii haianzi kulipa siku ya kwanza. Mara ya kwanza kwenye Food Chain Magnate unapigwa bila kuelewa umepigwa na nini. Mara ya pili unaelewa, na unapigwa bado. Watunzi wake hawakuweka kamba ya kumwokoa anayezama; kosa la zamu ya pili linaweza kukufuata hadi mwisho, na hilo wanalitaka. Mimi sioni kuwa ni dosari, kwa sababu uamuzi usioweza kukuumiza ni vigumu kuuita uamuzi, lakini inabidi mezani kuwe na adabu yake: mtu akishakuwa mbali, wote wakubaliane kumaliza na kuanza upya. Wachezaji wa 1830 na jamaa zake wana desturi hiyo. Wakiona hesabu imeshajulikana wanajumlisha na kusimama. Asiyekuwa na wenzake wa kufanya naye hivyo asinunue. Swali la kujiuliza dukani ni dogo kabisa: je, ninao watu watatu, haohao, watakaorudi mara tatu? Kwa wengi wetu jibu la kweli ni hapana.

Kwa anayeishi Dar es Salaam, Mombasa au Kampala kuna nyongeza ambayo wachambuzi wa Ujerumani hawaigusi. Masanduku haya ni mazito hata kwenye mizani ya posta. Bidhaa iliyokamilika inayoingia Afrika Mashariki kwa kawaida hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, halafu VAT, ambayo ni asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya, nayo hukokotolewa baada ya kujumlisha nauli na huo ushuru. Ndiyo maana nimesema 400,000 bila aibu. Wengi humtegemea shemeji anayetoka Dubai au Muscat, na shemeji naye ana kilo zake za kuhesabu.

Bao linatusaidia kuona jambo hili vizuri. Lina mashimo 32 na kete 64, na asiye na ubao anachimba mashimo mchangani. Kina chake hakipungui kwa sababu hakuna aliyelipia. Bingwa wa bao anaona mbele kuliko wachezaji wengi wa michezo niliyoitaja. Lakini bao lina baraza. Ukipita alasiri utamkuta mtu, na kesho utamkuta tena, na ndiye atakayekufundisha kwa kukufunga. Michezo ya kiuchumi ya sanduku haina baraza hapa kwetu, na robo milioni hailinunui. Anayenunua sanduku anatakiwa alijenge mwenyewe: apige simu, apike, aeleze kanuni kwa saa nzima, avumilie mtu anayeangalia simu yake kila dakika tano.

Kabla ya kutoa hela, basi, afadhali mtu ajaribu njia za bure na za bei nafuu, nazo zipo. Ukoo wa 1830 unachezwa bila malipo katika tovuti ya 18xx.games. Kompyuta inahesabu gawio na njia za treni, kila mtu anacheza zamu yake akipata nafasi, na mchezo mmoja unaweza kuendelea kwa wiki kadhaa kati ya mtu wa Nairobi na mwenzake wa Toronto. Kitu kinachopotea ni sura ya mtu anapogundua amekuwa rais wa kampuni tupu. Ni hasara kubwa, sikatai. Ila utakuwa umejua kama mchezo huu ni wako.

Kwa wanaotaka sanduku la kweli, Power Grid ya Mjerumani Friedemann Friese, iliyotoka 2004, inauzwa kwa karibu nusu ya bei hizo na inachukua kama saa mbili. Mitambo ya umeme inapigwa mnada, na soko la makaa, mafuta, takataka na urani linapanda bei kadiri wachezaji wanavyonunua. Anayeongoza ananunua malighafi akiwa wa mwisho, wakati rahisi zimekwisha. Brass: Birmingham ya mwaka 2018 iko katikati kwa bei na kwa ugumu, na ina kitu ninachokipenda sana: makaa ya mgodi wako yanatumiwa na wapinzani wako waliounganishwa nao, na yakiisha wewe ndiye unayepandishiwa kipato. Unamtajirisha adui ili ujenge kiwanda.

Hata Monopoly ya kabatini ina mnada ambao familia nyingi hazijawahi kuutumia. Kanuni rasmi inasema mchezaji akikataa kununua kiwanja alichokifikia, benki inakiuza kwa mnada palepale, na yeye aliyekataa anaruhusiwa kupandisha bei. Rudisheni kanuni hiyo moja muone nani ana hela na nani anajifanya. Ni bure.

Kuna hoja nyingine inayotumika kuhalalisha bei, kwamba michezo hii inafundisha biashara na hivyo ni kama ada ya shule. Siiamini. Mezani kila mtu anaanza na mtaji sawa, kanuni zimeandikwa, benki hailali, na hakuna shangazi anayehitaji nauli ya hospitali katikati ya zamu. Historia ya Monopoly yenyewe ni onyo. Mama yake, The Landlord's Game, ilipewa hataza, yaani hati ya haki ya ubunifu, mwaka 1904 kwa Mmarekani Elizabeth Magie, aliyetaka kuonyesha jinsi kodi ya kupangisha ardhi inavyomtajirisha mmoja na kuwakausha wengine. Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ikainunua hataza yake ya pili, ya mwaka 1924, kwa dola 500, na watoto wa dunia nzima wakaishia kujifunza raha ya kukusanya kodi.

Ukitaka kuona jinsi mada inavyokaa juujuu, tazama The Great Zimbabwe, ya haohao Splotter, mwaka 2012. Kama mchezo ni mzuri ajabu: fedha ni ng'ombe, na ng'ombe unaowatoa kwenye mnada wa zamu wanagawiwa kwa wachezaji, wapinzani wako wakiwemo. Kama somo la historia ni kituko. Bidhaa zake ni udongo, miti, pembe na almasi. Dhahabu, iliyouunganisha mji wa kale wa Great Zimbabwe na bandari za Sofala na Kilwa, haimo, ingawa sarafu ya Kilwa imechimbuliwa kwenye magofu yenyewe. Miungu yake ni mchanganyiko wa bara zima, Eshu na Obatala wa Wayoruba wakikaa na Anansi wa Waakan na Engai wa Wamaasai. Nimecheka, sikukasirika. Lakini asiniambie mtu kwamba nimelipia elimu.

Ninachokubali kulipia ni jioni zenyewe, na masharti yangu ni haya. Wawepo watu wanne waliokwishacheza Power Grid zaidi ya mara mbili na bado wanabishana kuhusu mnada wa mwisho. Wachange sawa, kama wanavyochangia kikoba, ili asiwepo mwenye sanduku anayewabembeleza wengine waje. Hapo Food Chain Magnate ninainunua leo, na nauli yake. 1830 nitaendelea kuicheza kwenye tovuti mpaka nipate meza yenye subira ya saa sita. Lisboa nitaisifu picha zake na kuiacha dukani, hata wakiweka punguzo.